Mfuko wa Gauni la Njano

Kuna wakati maneno yangu yalitundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia, hapa Likasi, na picha yangu pembeni, na mimi nikawa nazunguka upande wa reli kila ninapokwenda sokoni kununua uzi, ili nisiupite ukumbi huo. Watu walidhani ni unyenyekevu. Mama mmoja wa kwaya alinisimamisha barabarani akaniambia Mungu amenijalia kinywa. Nilimshukuru huku nikiangalia viatu vyake. Sikuwa na unyenyekevu wowote. Nilikuwa na aibu, na aibu yenyewe nilijiletea kwa kinywa hicho hicho alichokisifu.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili barazani, katika nyumba aliyotuachia papa, yaani baba, kwenye kambi ya zamani ya kampuni ya shaba huko Shituru, na mama anakaa na mimi. Lakini watu hawanijui kwa kushona tu, wananijua kwa kusema. Kwetu mtu akifa, kabla ya kwenda makaburini, lazima mmoja asimame asome maisha yake mbele ya watu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliajiriwa lini, ameacha watoto wangapi. Familia nyingi zina karatasi lakini hazina msomaji, basi hunijia mimi. Naichukua karatasi yao kavu, naongeza chozi hapa, kicheko pale, mpaka marehemu mwenyewe angetamani kuamka asikilize. Niliwahi kumsifu kwa upole mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulijua alikuwa akimpiga mkewe, na mjane wake akanishika mkono akilia. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Jambo hilo lingepaswa kunishtua mapema, lakini nani anajishtukia wakati anasifiwa?

Aibu yangu inatoka mbali kidogo, kwa hiyo nianze na tablo, ile picha ya rangi iliyo ukutani sebuleni kwetu.

Nilipokuwa sijaanza shule, watu wa asili ya mkoa wa Kasai katika mji huu waliambiwa na wenyeji warudi kwao. Kwao ni wapi, kwa watu kama sisi? Babu yangu aliletwa na kampuni akiwa kijana, aje afanye kazi ya shaba. Papa alizaliwa hapa, alifanya kazi hapa, na Kasai alikuwa anaisikia tu kama wewe unavyoisikia. Hata hivyo nyumba zilivamiwa, watu wakatoka na mafurushi yao, wakaenda kungoja treni kwenye stesheni. Treni hazikuja upesi. Watu walilala chini ya maturubai kando ya reli, katika mvua, na wengine walizikwa kabla treni yao haijafika. Mdogo wetu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia, ni mmoja wa hao. Walipomzika, mama alikataa kupanda treni. Alisema hamwachi mtoto peke yake. Mambo yalipopoa papa alirudishwa kazini, tukapewa nyumba nyingine, mbovu kuliko ile ya kwanza, na ndiyo hii ninayoshonea.

Mtaani kwetu kulikuwa na mchoraji, mmoja wa wale waliokuwa wakichora picha za kutundika sebuleni: mamba-muntu, yule nguva wa mtoni, na nywele zake ndefu, mkoloni na fimbo yake, kiwanda na moshi wake. Nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na tablo kama hizo, na watu waliziita ukumbusho. Papa alimwomba amchoree stesheni, akamlipa kwa unga wa mahindi. Tablo hiyo ipo mpaka leo. Kuna jengo la stesheni, kuna treni nyeusi, kuna mbingu ya zambarau ambayo Likasi haijawahi kuwa nayo, na kuna watu wadogo wadogo waliokaa juu ya mafurushi. Mbele kabisa amesimama msichana wa gauni la njano, sufuria kichwani, amemshika mkono mtoto wa kiume.

Na gauni la njano nilikuwa nalo mimi. Nililivaa kanisani, nililivaa siku ya kwanza ya shule, nililivaa mpaka likawa blauzi. Wageni walipokuja waliutazama ukuta, wakanitazama mimi, wakasema, "Njo huyu?" yaani, ndiye huyu? Papa alicheka tu, akawamiminia bia. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, aliokota glasi tupu akaenda nazo jikoni. Hivyo ndivyo nilivyokua, nikijua kwamba msichana wa tablo ni mimi. Sikumbuki kuambiwa ndiyo, na hakuna aliyeniambia hapana. Kwetu habari za stesheni zilitundikwa, hazikusemwa.

Lakini mimi nilizikumbuka. Hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu mwongo anajua anachoficha, na mimi sikujua nina kitu cha kuficha. Nilikumbuka harufu ya mafuta meusi kwenye mataruma. Nilikumbuka mvua ikipiga turubai na watu wakiimba nyimbo za kanisa ili wasiisikie. Nilikumbuka mkono wa mdogo wangu, mdogo, wa moto, umelegea. Na zaidi ya yote nilikumbuka mfuko wa gauni langu, mbele, upande wa kulia, umejaa karanga za kukaanga, na chumvi yake ikinishika vidoleni.

Mwaka jana walikuja watu wa chuo kikuu kutoka Lubumbashi, wakiwatafuta walioishi siku zile stesheni. Walitaka kukusanya kumbukumbu zao, wazitundike kwanza parokiani ili watu wa mji wazisome, kisha wazitoe katika kitabu. Aliyezungumza na sisi alikuwa binti mmoja mpole, mwenye kinasa sauti kidogo alichokiweka mezani juu ya leso yake. Kazi ilimwia ngumu. Mzee mmoja alisema, "Tuliteseka, basi," akaomba ruhusa ya kwenda. Mama mmoja alianza vizuri, akakatika katikati, akabaki anakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Padri alipoona hivyo akasema, mwiteni yule mshonaji.

Nilimpigia simu yaya ili tuende pamoja. Yeye anauza vitenge sokoni, ana meza yake kubwa, ana watu wanaomfanyia kazi, na hapendi kupotezewa muda. Akanijibu kwamba ana mzigo unaoingia siku hiyo. Nikasema moyoni, yaya na biashara yake. Nikavaa gauni langu la kola nyeupe nikaenda peke yangu.

Nilisema, na nilisema vizuri. Nilianza na mlango wetu uliovunjwa, nikaja kwenye mafurushi, nikaja kwenye mvua. Nilisema hakuna mwenyeji hata mmoja aliyetufungulia mlango wake. Nilisema jinsi mdogo wangu alivyoniomba maji, "Yaya, mayi," na mimi sina maji, ndipo nikatia mkono mfukoni mwa gauni langu la njano, nikatoa karanga, nikazitafuna, nikamtilia mdomoni. Nilisema alilala na chumvi ya karanga midomoni mwake na hakuamka tena. Mama wa kitenge alikuwa analia waziwazi. Binti alizima kinasa sauti akafuta macho. Na mimi nilijisikia vizuri. Wala sitapunguza neno: nilijisikia vizuri sana.

Siku walipofungua maonyesho, ukumbi ulijaa. Kulikuwa na picha za zamani, kulikuwa na mafurushi halisi ambayo familia fulani zilikuwa zimeyahifadhi, na kulikuwa na maneno ya watu yaliyochapwa kwa herufi kubwa, kila mtu na bango lake. Langu ndilo lilikuwa refu kuliko yote, nalo liliwekwa mkabala na mlango ili mtu akiingia aanze na mimi. Nilisimama karibu nalo kama bibi arusi, nikipokea mikono.

Yaya alikuja mwishoni, mikono yake bado ina harufu ya vitenge vipya. Akasimama mbele ya bango langu. Yaya husoma polepole, kwa sababu hapendi kurudia. Niliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, kisha yakasimama mahali pamoja yakakaa hapo. Nilidhani analia. Nilijitayarisha kumkumbatia. Alipogeuka macho yalikuwa makavu. Akanyoosha mkono, akainyoosha kola yangu, ambayo wala haikuwa imepinda.

"Hii kola umeifanya muzuri," alisema, akatoka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilimlalamikia kwamba mji mzima umenipa mkono ila binti yake mwingine, yule tajiri, amenisifia kola. Mama hakuja ukumbini, miguu yake haimruhusu tena. Akaniuliza niliwaeleza nini hasa. Basi nikakaa chini nikamsomea bango zima kwenye simu, maana nilikuwa nimelipiga picha, na nikalisoma kwa sauti yangu ile ya misibani.

Nilipofika kwenye maji, mikono yake iliacha majani. Nilipofika kwenye karanga, akasema, "Acha."

Nikaacha.

"Weye haukukuwaka ku gare," mama alisema, yaani mimi sikuwako stesheni.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, bila kupandisha sauti. "Ile masiku yote ulikuwa Buluo. Ulikuwa mugonjwa ya surua. Ku gare batoto ya surua balikuwa banakufa. Ile mama ya nyumba ya pembeni, mwenyeji, alikubeba ku mugongo, akakupeleka kwabo Buluo. Bantu bakiuliza, alikuwa anasema ni mutoto yake. Njo vile ulipona."

"Mama, minye nakumbuka."

"Unakumbuka tablo."

"Na robe? Ile robe ya jaune, ilikuwa ya nani?" nikauliza habari za gauni la njano.

"Ya yaya yako. Weye uliipata nyuma, ile haimuenei tena. Na ile mufuko ni minye nilishona. Yaya yako alikuwa amekaa karibu na moto na mutoto ku magoti, moto ikaruka, robe ikatoboka. Njo nikafunika ile tundu na mufuko, ili weye uvae kintu ya muzuri."

Nilimwambia mama yangu mzazi kwamba uzee umemchanganya. Nilimwambia kwa sauti, jirani alisikia. Mama aliinamia sombe yake. Nikaingia sebuleni kwa hasira, nikapanda juu ya kiti, nikaiteremsha tablo ukutani, nikaipeleka mlangoni penye mwanga.

Mimi nashona tangu nimalize shule. Naweza kusimama barabarani nikakuambia gauni la mwanamke anayepita lilikatwa na nani, na kama alilipa vizuri au alilalamika. Tablo hii nimekaa chini yake maisha yangu yote, nimekula chini yake, nimeshona chini yake siku za mvua. Gauni la yule msichana ni la njano, limenyooka kutoka shingoni hadi magotini, na halina mfuko. Hapakuwa na mfuko mbele wala ubavuni. Mchoraji aliyechora vifungo vya koti la mlinzi wa stesheni, kila kifungo na mng'ao wake, asingesahau mfuko.

Niliketi kizingitini na tablo magotini. Nikafikiri kwamba hata mchoraji mwenyewe hakuwako stesheni. Alichora alivyoambiwa na papa, mimi nikakumbuka alivyochora, binti wa chuo kikuu akaandika nilivyokumbuka, na sasa kitabu kinakwenda kuchapwa. Siku nyingine mwalimu atawasomea wanafunzi wake kwamba mtoto fulani wa Likasi alikufa na karanga mdomoni. Nani atambishia? Imeandikwa.

Kisha Buluo ikaanza kurudi, na ilirudi kwa njia ya tumbo. Sikuiona nyumba kwanza, wala uso wa mtu. Nilizikumbuka karanga. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na yule mama, tukizimenya, yeye anamenya za kukaanga na mimi namenya za kula. Alikuwa ananiangalia anacheka. Nilikumbuka bukari, yaani ugali, ya moto na samaki wadogo, na mkono wake ukinisukumia kichwa cha samaki kwa sababu nilikuwa nakipenda. Nilikumbuka kwamba nilikatazwa kusema lugha yetu ya Kasai, na kwamba haikunigharimu kitu, niliiacha siku hiyo hiyo nikamwita yeye mama. Karanga zilikuwa kweli, na chumvi vidoleni ilikuwa kweli. Nilizichukua kutoka kwenye mkeka wa Buluo, nikazitia kwenye mfuko ulioshonwa baadaye, nikampelekea mdogo wangu akiwa amekwisha kufa.

Nilitoka nikakaa karibu na mama. Nikamwuliza alipokuja kunichukua ilikuwaje. Akasema nilijificha nyuma ya kitenge cha yule mama. Mama mzazi alikuwa amekonda, nywele amezinyoa kwa ajili ya msiba, mimi sikumtambua. Nililia njia nzima kurudi mjini nikitaka kurudishwa kwa mama yangu. Nikamwuliza kama niliulizia mdogo wangu. Alinitazama kwa huruma, jambo lililonichoma kuliko kama angenitukana.

"Ulikuwa mutoto," alisema.

Yule mama wa Buluo amekwisha kufa. Watoto wake wapo, wengine nawashonea. Angekamatwa akinificha, sijui wangemfanya nini, maana hata wenyeji waliosaidia watu wetu walitishwa. Na kwenye bango langu, kwa herufi kubwa, mkabala na mlango, nilikuwa nimesema hakuna mwenyeji hata mmoja aliyetufungulia mlango. Yaya nilimwibia mateso yake, na huyu mama nilimwibia wema wake. Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka upande wa reli.

Siku chache nilijidanganya kwamba mambo yatapoa yenyewe. Nani angejua? Mama hatoki, yaya hasemi. Halafu binti wa Lubumbashi akanipigia simu, ana furaha, kunieleza kwamba maneno yangu yatafungua kitabu, na kwamba karibu wanakipeleka kuchapwa. Akaniuliza jina la mdogo wangu liandikwe vipi. Nilimwambia asubiri kidogo. Nilipokata simu sikuweza kutunga uzi kwenye sindano.

Nikaenda sokoni. Yaya alikuwa anampimia mteja kitenge, anakivuta kutoka kidevuni hadi ncha ya vidole. Nikangoja. Mteja alipokwenda yaya akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Yaya, nimekuya kuomba pardon."

"Ya nini?"

"Ya gare. Sikujua. Mama njo ameniambia."

Alichukua kitenge alichokuwa amekifungua akaanza kukikunja, na alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, mpaka kikawa kama kipya. Nikamwuliza kwa nini miaka yote hakuniambia. Wageni walipokuwa wakisema "Njo huyu?" angeweza kusema ni yeye.

"Ningesema juu ya nini? Weye ulikuwa unapenda ile tablo. Minye sikuipenda."

Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye kitenge, "Umeandika aliombaka mayi."

"Ndiyo."

"Hakuombaka kintu. Alikuwa amenyamaza. Minye njo nilikuwa naongea, ili aniangalie. Akifunga macho, naongea tena." Akaweka kitenge juu ya vingine, akapitisha kiganja juu yake. "Nilikuwa namuelezea habari yako. Nilikuwa namuambia, yaya wako wa pili eko Buluo, anakula bukari, anakula samaki, anakula karanga. Nilikuwa nasema tutakufuata kule, naye atakula. Ile ya karanga alifungulaka macho."

Mimi nilianza kulia. Yaya alinitazama, akatazama meza ya jirani.

"Usilie hapa," alisema. "Ba-client banaangalia."

Nilijifuta na ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Nilimwomba twende wote kwa yule binti, aseme yeye mwenyewe, bango liwe lake na kitabu kifunguliwe na maneno yake. Akakataa hapo hapo. Alisema kitu chake kikae mahali kilipo, hataki watu wasimame mbele yake wakilia halafu waende kunywa soda. Nilijua soda ya ukumbini anayoisema, nilikunywa mbili.

"Basi nitabaambia batoshe yangu," nikasema, yaani wayaondoe maneno yangu.

"Baambie. Kisha useme yako."

"Yangu ni nini, yaya? Minye nilikuwa nakula."

"Njo useme vile."

Nilipoinuka niliuliza kama siku moja naweza kuyaandika haya aliyoniambia, si kwa watu wa chuo kikuu, kwa ajili yetu tu. Mteja mwingine alikuwa amefika, anashikashika kitenge cha bluu.

"Kama unaandika, andika vile nimesema," aliniambia. "Usiongeze kintu."

Sijaongeza.

Nilimpigia simu binti wa Lubumbashi nikamwambia maneno yangu yaondolewe ukutani na kwenye kitabu. Alidhani nimetishwa na mtu. Alikuja mwenyewe, akapanda basi asubuhi, akaingia barazani kwangu na mkoba wake, na nikamweleza mbele ya mama. Nilisema haraka, nikiangalia cherehani. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliuliza maswali mafupi, akasema kwamba bango litashushwa leo. Kisha akasema kwa upole kwamba wamewahoji watu wengi wanaosema mambo ya stesheni kama mimi nilivyosema, na sasa hajui wangapi walikuwa kwenye stesheni na wangapi walikuwa kwenye tablo. Nyumba nyingi zina tablo hizo. Nikaona kwamba siyo maneno yangu tu niliyoyaharibu, nimeyatia shaka hata ya yule mzee aliyesema "Tuliteseka, basi," ambaye huenda ndiye aliyesema kweli kuliko sisi sote. Nikamwambia hivyo. Akaniambia atamrudia yule mzee.

Aliinuka kuondoka. Mlangoni akageuka akaniuliza kama kuna jambo ninalolikumbuka mimi mwenyewe. Mama aliinua kichwa akanitazama.

Nikasema lipo.

Binti akarudi akakaa. Akatandika leso yake juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaweka kinasa sauti juu yake, akabonyeza. Nilizoea kuanza kwa kukohoa kidogo ili watu wanyamaze. Safari hii sikukohoa. Nilisema kwamba siku zile za stesheni nilikuwa Buluo, kwa mama mmoja mwenyeji, aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua na kuwaambia watu kwamba mimi ni mtoto wake. Nilisema alinipa bukari na samaki, na jioni alinikaangia karanga. Nilisema familia yangu ilikuwa stesheni na mdogo wangu alikufa huko, na mimi sikuwepo.

Alingoja. Amezoea mimi kuendelea. Taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka, na nje mtu alipita akisukuma baiskeli ya makaa.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini siku hizo?" aliniuliza mwishowe.

"Nilikuwa nakula," nikasema. "Nilikuwa nashiba."